Sketi ya Bibi Iko Serikalini

Mbulu mjini,
9 Machi 2025

Kwa Mjomba Gidahosh, Hirbadaw.

Shikamoo mjomba. Mimi mzima, baridi ya huku tu ndiyo inanitafuna masikio. Mama anakusalimu kutoka Bashay. Vitunguu saumu vimekubali mwaka huu, amekufungia kifuko, anacho Festo kondakta. Akikwambia kimepotea usikubali. Baba mgongo unamsumbua lakini bado anabishana na redio kama kawaida. Mpe bibi shikamoo yangu, na mkeo Mama Violeth pia.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kila nikikupigia simu nasikia watu wa boma zima wananiitikia.

Mjomba, kazini tumeletewa mzigo. Unalijua lile ghala la zamani la Katesh, upande wa Jorodom, lililoingiwa na tope mlima ulipoporomoka. Walipolisafisha walikuta gunia limefungwa juu kwenye kenchi, tope halikulifikia. Ndani yake kuna sketi za ngozi za kina mama wa Kibarabaig, zile walizonyang'anywa enzi mavazi ya ngozi yalipopigwa marufuku. Leo hii zinaitwa urithi wa taifa, na makumbusho yetu mapya ndiyo yamepewa kuzitunza. Bosi wangu, Bwana Hilary, amefurahi mpaka anaimba ofisini.

Moja ina shanga za njano kiunoni, na ncha zake za chini zinazoning'inia zimetafunwa halafu zikaungwa kwa uzi wa bluu. Nilipomweleza mama akasema yeye alikuwa hajazaliwa, nikuulize wewe.

Ni ya bibi?

Mpwa wako,
Letisia Akonaay


Hirbadaw,
2 Aprili 2025

Kwako Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho yote ya Kanda ya Kaskazini,

Marahaba mpwa wangu, na nyingine hii hapa ya akiba, maana siku moja utanipita barabarani na gari la serikali usinione. Barua imefika nzima. Vitunguu vimefika nusu. Festo anasema vilikuwa nusu tangu Mbulu. Mwambie mama yako Restituta kwamba kaka yake bado ni mzuri, meno yote yapo isipokuwa yale yaliyoondoka kwa hiari yao. Mvua imenyesha, mbuga ni kijani, ng'ombe wamenenepa mpaka wananidharau.

Kuhusu simu, ilianguka kwenye birika la kunyweshea mifugo, na tangu hapo imebaki na spika peke yake. Nikipokea mimi, boma zima limepokea. Juzi daktari wa mifugo alinipigia kunieleza habari za beberu wangu aliyeshindwa kazi ya ubeberu, na mpaka leo majirani wananipa pole, wengine wakiamini mgonjwa ni mimi. Kwa hiyo tuandikiane. Mimi shule niliachana nayo darasa la nne kwa makubaliano ya pande zote mbili, lakini kalamu haijawahi kunishinda. Tena mimi si mtu wa kushtuka. Nimeendesha lori mpaka Lubumbashi, nimelala Tunduma juu ya mzigo wa saruji, nimegombana na polisi wa Kapiri Mposhi kwa lugha ambayo hata mimi siijui, na nikashinda.

Barua yako imenishtua.

Ni ya mama yangu. Ndama aliyezitafuna zile ncha alikuwa wa rangi ya majivu. Mama akaziunga kwa uzi wa bluu wa fundi cherehani, kwa sababu ulikuwa uzi mgeni Hirbadaw na yeye alipenda kuringa. Hiyo tabia ya kuringa katika ukoo wetu mimi nimeambulia kidogo sana.

Wewe umekulia Bashay kwa baba yako, kwa Wairaqw, kwa hiyo acha nikufundishe. Sketi ile tunaiita hanang'wenda. Mwanamke wetu anaipata akiolewa, na heshima yake yote imo humo. Mwanaume haishiki, haichezei, haiongelei kwenye pombe. Na kina mama wana baraza lao, girgwageda. Mwanaume akiwakosea wanaacha maziwa, wanaacha watoto, wanakaa duara kwenye majani na kumhukumu. Hakuna rufaa. Mimi nimesimama mbele ya polisi wa nchi nne, lakini nikiona kina mama wamekaa duara nabadilisha njia.

Basi mwaka ule wa marufuku walisema ngozi ni ushamba, nchi inaaibika. Siku ya mnada pale Katesh, mgambo wakawazunguka kina mama. Wengine walikimbia. Mama yangu alisimama akawauliza, "Nikiivua, mtaivaa nyinyi?" Kwa swali hilo akawekwa ndani pamoja na wenzake, kosa lao kupinga maendeleo. Alirudi amefungwa kipande cha kaniki, lakini alikuja katikati ya njia, si pembeni. Baba akamwambia atamtengenezea nyingine. Akakataa. "Ninayo," akasema, "iko serikalini." Na wewe mwenyewe umemsikia, anasema hivyo hivyo mpaka leo.

Unaona shida ilipo? Mwanamke asiyevaa hanang'wenda barazani anakaa kando na hasemi, anasikiliza tu. Mtu mwenye mdomo kama ule, Letisia! Nusu karne anasikiliza! Wenzake waliokamatwa naye wote wameshatangulia. Amebaki yeye, na miguu yake siku hizi inamwambia ukweli.

Ilete. Usimpe Festo, ni mwanaume, tena mla vitunguu vya watu. Ilete wewe mwenyewe.

Bibi anakusalimu.

Mjomba wako asiyeshindwa,
Gidahosh


Mbulu mjini,
27 Aprili 2025

Mjomba shikamoo.

Sisi wazima. Baba amepata nafuu, sasa anabishana na televisheni ya jirani kupitia dirishani. Mama alisoma barua yako jikoni, akaenda kukata kuni, na kuni zilikuwepo tele.

Mjomba, nimemwomba Bwana Hilary. Nimemwomba asubuhi, nikamwomba tena baada ya chai. Amesema kitu kikishasajiliwa kuwa urithi hakitoki, ni mali ya taifa zima. Nikamwambia mwenyewe yuko hai, anaitwa Udamis, anaishi Hirbadaw. Akasema vizuri sana, tutamwalika siku ya uzinduzi akate utepe. Si mtu mbaya, mjomba. Ni mtu wa vikao. Mkataba wangu unaisha Julai, na kila nikifungua mdomo naona ananitazama kama mtu anayetazama kalenda.

Kuna jambo jingine. Tuliagiza sanamu la kuvalisha nguo kutoka duka moja la Babati lililofungwa. Likaja la kiume, lina masharubu ya kuchora na limeweka mkono kiunoni. Bwana Hilary amelivalisha hanang'wenda ya bibi mabegani, kama joho, na chini ameandika VAZI LA SHUJAA WA KIBARABAIG. Nilimwambia ni sketi ya mwanamke. Akasema wageni wanapenda mashujaa. Nimekuwekea picha humu uone. Tafadhali iwe yako peke yako.

Umemwambia bibi? Barua yako inasema ananisalimu, lakini haisemi kama anajua.

Letisia


Hirbadaw,
18 Mei 2025

Mpwa wangu mpendwa, taa ya ukoo,

Marahaba sana. Hapa tuko salama kwa kiasi chake. Ng'ombe mmoja wa madoa amezaa pacha, jambo ambalo halijaonekana kata hii tangu nilipozaliwa mimi. Beberu amepona na sasa hapumziki. Mvua imepungua. Je, nilishawahi kukusimulia nilivyovuka mpaka wa Kasumbalesa nikiwa nimejifunika turubai na mchungaji wa Kipentekoste? Ni hadithi ndefu na nzuri. Ilikuwa hivi: tulikuwa na mzigo wa chumvi, na yule mchungaji alikuwa na mafua

Basi. Naona unavyonitazama kutoka huko.

Picha umesema iwe yangu peke yangu. Ilikuwa yangu peke yangu kwa siku kadhaa, Mungu ni shahidi. Halafu tukawa na pombe ya asali kwa jirani yangu Gidion, na yule mzee akaanza kujisifu kwamba mkwe wake ni karani wa mahakama. Karani! Nikasema mimi mpwa wangu ni mkurugenzi, ana jumba, ana masanamu, na ushahidi ninao mfukoni. Nikautoa.

Kwa bahati mbaya Mama Violeth ndiye aliyekuwa akipita na ndoo.

"Nini hicho?"

"Picha tu, mama watoto. Kazi za Letisia."

Akaichukua. Akaiangalia. Akaweka ndoo chini taratibu, na mwanamke akiweka ndoo taratibu namna ile ujue haiweki kwa sababu ni nzito.

"Huyu mwanaume ni nani?"

"Si mwanaume, ni sanamu."

"Ana masharubu."

"Ya kuchora."

"Kwa hiyo ni sanamu la mwanaume au la mwanamke?"

Letisia, mimi nimebishana na polisi wa nchi nne. Nikasema, "La mwanaume." Na wazee wote pale, waliokuwa wanacheka dakika ile ile, wakaanza kutazama vikombe vyao kana kwamba kuna maandishi ndani.

"Mwanaume amevaa hanang'wenda," akasema Mama Violeth. Hakupandisha sauti. Akaondoka na picha, ndoo akaiacha.

Jua lilikuwa halijazama na bibi yako ameshapelekewa. Nilisimama mlangoni. Hakuuliza habari za mwanaume wala masharubu. Aliisogeza picha karibu na macho, kidole chake kikatembea mpaka kwenye uzi wa bluu, kikakaa hapo. Halafu akasema neno moja.

"Imekonda."

Mimi nikatoka nje kuangalia mbuzi.

Ulikuwa umeniuliza kama nimemwambia. Sikuwa nimemwambia. Sikutaka ajue ilipo halafu aambiwe haitoki. Akisema iko serikalini na hajui ni wapi, hayo ni maneno ya mtu anayesubiri. Lakini ajue ni Mbulu, tena juu ya sanamu, na mlango una kufuli? Niliona nikinyamaza ndiyo namhurumia. Kumbe nimejihurumia mimi.

Kina mama wameshakaa mara mbili. Wameagiza kenta ya mnada. Nilijitolea kuiendesha, mimi dereva wa kimataifa, wakaniambia kazi yangu ni kubaki na ndama na kupika uji. Siku yenyewe hawakunitajia, na hata ningeijua nisingekuandikia, maana wamesema nikiandika nitajuta. Lakini sikia, kama Bwana Hilary ana shughuli yoyote ya muhimu huko Singida, mwambie aende.

Mjomba wako, kwa sasa mpishi,
Gidahosh


Mbulu mjini,
12 Juni 2025

Shikamoo mjomba.

Barua hii anakuletea Mama Violeth mwenyewe, kwa hiyo utakuwa umeshaona kilichoshuka kwenye kenta kabla hujaifungua. Mimi nakuandikia tu yale ambayo mwanaume anaruhusiwa kujua. Mengine usiniulize, na usimwulize mama yangu, naye alikuwepo. Alitoka Bashay kwa basi la alfajiri bila kumuaga baba.

Walikuja siku ya uzinduzi. Viti vya wageni vilikuwa vimepangwa, turubai limefungwa, kwaya inajiandaa. Kenta ikaingia, kina mama wakashuka mmoja mmoja, wamevaa hanang'wenda zao, vikuku vinalia, wakaenda moja kwa moja kwenye nyasi mbele ya mlango na kukaa duara. Wageni wakapiga makofi. Msema chochote akashika kipaza sauti: "Na sasa kikundi chetu cha ngoma za asili kutoka Hanang!" Wakangoja ngoma. Ngoma haikuja. Bibi alikaa kando ya duara, na shuka lake lile la bluu, kama alivyozoea.

Bwana Hilary akaja anatabasamu. "Letisia, waambie wanaweza kuanza."

"Wameshaanza, bosi."

"Wanacheza nini?"

"Hawachezi. Wanahukumu."

"Wanamhukumu nani?"

Nikamwonyesha sanamu dirishani.

Mjomba, alicheka. Mimi ndiye niliyekuwa natafsiri, kwa kile Kidatooga chenu nilichokiokoteza, na yeye alicheka mpaka alipogundua anacheka peke yake. Wakamuuliza yule mwanaume aliyemo ndani ana baba? Akasema hana. Ana ukoo? Hana. Basi nani anamsemea? Bwana Hilary akanitazama, mimi nikatazama viatu vyangu. Akasema, "Basi, nadhani ni mimi." Wakamwambia akae chini. Akakaa kwenye nyasi na suti yake mpya.

Alijitetea. Alieleza habari ya urithi, na watoto wetu, na kizazi kijacho, alieleza vizuri hata mimi nikaguswa. Kina mama walimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kwa hiyo sketi hii si yangu wala si yenu. Ni ya Taifa."

Ndipo bibi akaniita kule kando alikokaa. Kwa kuwa hasemi barazani alininong'oneza sikioni, niulize kama vile ni swali langu. Nikauliza.

"Huyo Taifa ameolewa boma gani?"

Nikwambie kicheko kilichotokea? Hapana, hicho ni cha barazani. Lakini Bwana Hilary na yeye akacheka, safari hii pamoja na wengine, mpaka akafuta miwani. Halafu akatoa funguo mfukoni akanipa mimi. Akasema, "Mimi nikiulizwa, nitasema ilichukuliwa kwa mujibu wa taratibu." Sijui taratibu zipi. Na yeye hajui.

Waliingia kina mama peke yao, nasi wawili, mimi na mama. Wanaume wote, pamoja na mgeni rasmi, waliambiwa wageuke watazame barabara, wakageuka. Ya mle ndani siandiki. Nitakwambia tu kwamba walikuja na samli kwenye kibuyu, na kila sketi iliyokuwemo kwenye lile gunia ilipakwa, hata zile ambazo wenyewe hawapo tena. Hizo wameziacha zitunzwe, mpaka mabinti wao waamue. Na kwamba mama yangu alimfunga bibi mkanda wa shanga kwa mikono yake, fundo akalirudia mara mbili.

Bibi alipotoka nje wageni walipiga makofi tena. Safari hii walikuwa hawajakosea.

Sanamu liko stoo, limegeuzwa uso ukutani. Adhabu yake nyingine sikuambii. Mkataba wangu umeongezwa. Bwana Hilary anasema anahitaji mtu wa kumkalimania. Sanduku la kioo lilimokuwa sanamu tulitaka kuliondoa, lakini amekataa. Amelibakiza tupu, na amebandika maandishi mapya yanayosema: MWENYEWE AMEIVAA. Wageni wanasimama hapo kuliko mahali pengine popote.

Mama anauliza kama uji uliungua.

Letisia


Hirbadaw,
6 Julai 2025

Mpwa wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Uji uliungua. Ndama wote wazima ila mmoja ananifuata kila niendako akidhani mimi ni mama yake. Msalimu baba yako na mwambie mke akiondoka alfajiri bila kuaga, asubiri tu, atarudi akiwa mrefu zaidi.

Nilikuwa nimesimama barabarani kenta ilipofika. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Mimi nimeongea mbele za watu Lubumbashi, si mtu wa kukosa maneno. Mama yangu akashuka kwa msaada wa Mama Violeth, akajikung'uta, zile ncha zikalia kama mvua ya mbali kwenye majani makavu, na harufu ya samli ikanifikia nilipo. Nikawa na umri wa kushika mkono wa mama mnadani. Hotuba sijui ilikwendaje, labda bado iko barabarani pale.

"Unatazama nini?" akaniuliza.

"Sitazami kitu, mama."

"Ndama wamenyonya?"

Basi, ndiyo yalikuwa maongezi yetu yote ya siku kubwa kuliko zote.

Sasa nikupe habari kamili, maana watu watakuletea iliyopotoshwa. Baada ya siku chache kina mama walikaa baraza. Bibi yako hakukaa kando. Walimfungulia nafasi katikati, wale wakubwa wakasogea, na wadogo ambao hawajawahi kuisikia sauti yake barazani wakanyoosha shingo. Kulikuwa na kesi moja tu. Mwanaume mmoja wa hapa Hirbadaw alitoa picha ya hanang'wenda ya mwanamke kwenye pombe, mbele ya wanaume, apate kujisifu.

Ndiyo. Mimi.

Nikaitwa, nikasimama juani, kofia mkononi. Nikajieleza kwamba bila mimi wasingejua, kwa hiyo kosa langu lina faida, na kwamba hata Ulaya kesi kama hii inaangaliwa kwa pande zote. Nilisema vizuri sana, Letisia. Niliona wengine wanaanza kulainika. Mke wangu mwenyewe, naye si mtu wa kulainika, akasema labda nitoe asali tu, mtungi mmoja, yaishe. Wakaanza kuitikia.

Halafu mama yangu akainua mkono. Alinitazama kuanzia viatu hadi kichwani, polepole, kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua. Sauti yake barazani ni nene kuliko ile ya nyumbani. Sikuwa nikijua.

"Huyu nimemzaa mimi, namjua," akasema. "Ongezeni."

Wameongeza. Fahali wangu mweusi, yule ambaye watu wa Basotu walikuja mara tatu kumbembeleza, nimemkokota mwenyewe mpaka kwao. Wamemla wote, mimi sikuonjeshwa hata supu. Nilikaa nje ya ua na yule ndama wangu, nasikia wanavyocheka ndani, na katikati ya vicheko nasikia mtu mmoja anaongea, anaongea, hapumziki, hampi mwenzake nafasi.

Waambie huko Mbulu mjini, na Festo mwambie atangaze kwenye basi: katika kata yote hii hajawahi kutokea mwanaume aliyetozwa faini kubwa kama ya mjomba wako, wala aliyetozwa na mwanamke mkubwa namna ile.

Gidahosh